Mabata wa Kitete Wakati wa Masika

Mtu akitaja Tabora, wengi hufikiri habari za asali, na maembe, na garimoshi la Kigoma. Mimi leo nataka kuwaeleza habari za mabata. Najua wako watakaocheka, maana bata hana heshima kama ng'ombe, wala sijapata kusikia mtu akimsifu bata katika ngoma. Lakini nalikaa Kitete siku 9 katika mwezi wa Januari, katikati ya masika, nikaona huko jambo ambalo lingaliokoa mabata wangu 13 kama ningalilijua mapema.

Kwanza niungame kosa langu. Mimi ni mtu wa pwani, na huko kwetu nalijenga banda la mabata. Nalitia sakafu ya saruji, laini kama sahani, na kila asubuhi nalimwaga ndoo 4 za maji na kusugua kwa ufagio mpaka sakafu ikang'aa. Majirani walinisifu sana. Ikaja masika, nikawafungia mabata ndani wasiharibu miche ya watu, nami nikazidi kuosha. Kabla mvua hazijaisha mabata 13 katika 20 walikuwa wamekufa. Nyayo zao zilivimba, manyoya ya kifuani yakagandamana kama nywele za mtu aliyenyeshewa, nao wakawa wakitetemeka hata mchana. Nalisema ni tauni, nikanunua dawa, na dawa haikufaa kitu.

Basi nalikwenda Tabora kwa shughuli nyingine kabisa, si kwa mabata. Nalipanda garimoshi Dar es Salaam, na kutoka hapo mpaka Tabora ni kilomita zipatazo 840. Reli ile ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa yafuata upande ule ule uliofuatwa na misafara ya zamani. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, akafika Unyanyembe mwezi wa Juni. Mimi nalilala usingizi njiani, na nalipofumbua macho niliona miombo pande zote mbili, na maji yametuama chini ya miti kama vioo vilivyovunjika.

Tabora iko juu, yapata mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mvua zake huanza Novemba zikaendelea mpaka Aprili. Baada ya hapo ni ukavu mtupu. Kitete ni kata katika mji huo, na jina lake lajulikana mbali kwa sababu ya hospitali ya mkoa iliyopo hapo. Ukitoka kituoni wapita chini ya miembe mikubwa, na wenyeji watakuambia kwamba miti ya namna ile ndiyo alama ya njia za misafara. Watu walikula maembe njiani, wakaacha kokwa nyuma yao.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja mjane, mama wa rafiki yangu. Nalipiga hodi asubuhi, nikasema "Mwangaluka" kama nilivyofundishwa garini, naye akacheka kwa jinsi nilivyolitamka. "Karibu, mwanangu," akasema, "lakini usikanyage majivu." Nikatazama chini, nikaona mstari wa majivu umezunguka kibanda kimoja uani kama kamba. Ndani ya kibanda kile nalisikia sauti nisizotaka kuzisikia tena maishani mwangu, sauti za mabata waliofungiwa.

Alikuwa na mabata 14 na mabata bukini 5. Bata wa kawaida wa vijijini kwetu, yule mwenye nyama nyekundu usoni, asili yake ni Amerika ya Kusini, ingawa watu wengi hudhani alikuwa hapa tangu zamani za babu zetu. Na bukini naye amepewa jina la Madagaska, maana Bukini ndivyo watu wa pwani walivyokiita kisiwa kile, lakini asili yake ni Ulaya na Asia. Hivyo ndege wote wa uani kwa mama yule walikuwa wageni, kama mimi.

Nikamwuliza, "Mama, mbona umewafungia, na bondeni maji yamejaa tele?"

Akanieleza. Mwaka uliotangulia mabata wake waliteremka bondeni wakaingia katika mpunga wa jirani, mpunga mchanga wa wiki 3, wakaulaza wote. Jirani hakugombana, alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wakakaa, wakapatana. Mama akalipa debe 2 za mpunga wake mwenyewe, akaahidi kwamba tangu mbegu zinapopandwa hata mavuno mabata wake hawatatoka uani. Tangu siku ile yeye na jirani wasalimiana vizuri, naye hataki kuupoteza ujirani ule kwa ajili ya ndege.

Nimesoma katika vitabu vya ufugaji vya Ulaya maneno mengi juu ya kuwafungia mabata wakati wa baridi, theluji inapofunika nchi. Hata pasipo theluji hufungiwa: Uingereza iliamuru ndege wote wa kufugwa wawekwe ndani kuanzia tarehe 7 Novemba 2022 mpaka Aprili 2023, kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege. Sisi baridi yetu ya Juni na Julai ni kavu, nayo haimdhuru bata hata kidogo. Kifungo cha mabata wa Unyamwezi ni masika, na mlinzi wa gereza ni shamba la jirani.

Sasa kuna jambo lililomfanya mama yule ashike shauri la mabata kwa nguvu kuliko mimi. Mjukuu wake alikuwa amemaliza kidato cha nne mwezi wa Novemba, na matokeo yalikuwa bado kutoka. Akifaulu, ataitwa kidato cha tano mwezi wa Julai, pengine shule ya bweni mikoa ya mbali, na hapo patatakiwa nauli, na godoro, na sanduku, na sare. Mama hana mshahara. "Matokeo yakija mabaya," aliniambia, "tutakula bata kwa huzuni. Yakija mazuri, bata ndio nauli." Kwa hiyo ilimpasa kuwafikisha mpaka Juni wakiwa hai na wanene.

Mwaka ule wa kwanza wa kifungo alikuwa amepoteza 11. Alidhani paa lavuja, kwa kuwa sakafu ilikuwa tope kila asubuhi. Akamwita fundi, fundi akapanda juu, akagonga misumari, akapokea fedha, akaenda zake. Sakafu ikabaki tope. Akamwita tena, akapokea fedha tena. Ndipo mama alipofanya jambo ambalo mimi msomi wa vitabu sikulifikiri. Jioni moja aliwatoa mabata, akakausha sakafu kwa udongo mkavu, akanyunyiza majivu juu yake pote, akawarudisha mabata pamoja na beseni lao la maji. Usiku ule mvua haikunyesha hata tone. Asubuhi majivu yalikuwa uji mweusi kuzunguka beseni, na unyevu umeenea mpaka ukutani. Usiku wa pili aliliacha beseni nje. Mvua ikanyesha kutwa na kucha. Asubuhi majivu yalikuwa yamelowa mahali walipolala tu, kidogo.

"Nalimlipa fundi mara mbili azibe mbingu," alisema, "kumbe mvua naiingiza mwenyewe kwa beseni."

Hili ndilo lililonipiga mimi. Bata akinywa hutia kichwa chote majini, hujitikisa, hurusha matone huku na huku, na maji mengine huyabeba mdomoni akaenda kuyachanganya na chakula. Tena mavi yake si kama ya kuku: katika sehemu 10 za mavi ya bata, 9 hivi ni maji. Mabata 19 wakifungiwa usiku kucha wanatosha kulowesha nyumba yao wenyewe chini ya paa la bati lisilo na tundu. Na mimi juu ya hayo nalikuwa nikiongeza ndoo 4 kila siku, nikiita usafi.

Niliomba kuingia ndani ya kibanda. Kilikuwa na hatua 6 kwa 4, kimejengwa upande wa juu wa ua penye mchanga, si upande wa chini penye udongo mweusi wa mbugani ambao ukishika mguu hauuachi. Sakafu ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa na kuinuliwa shibiri 2, na mfereji umezunguka nje, na bati limetokeza mbele ya ukuta kiasi cha mkono mmoja ili matone yaanguke mferejini. Juu ya udongo palikuwa na mchanga, na juu ya mchanga makapi ya mpunga, shibiri nzima kwenda chini. Makapi Tabora hayana shida, kwa kuwa mpunga ni mwingi, na mashine za kukoboa huyatupa malundo malundo.

Hakuyaondoa makapi kila siku. Kila jioni aligeuza juu chini kwa reki, akaongeza kapu moja la makapi makavu pale palipolowa, basi. Nikamwuliza atajuaje kwamba wakati wa kuyatoa yote umefika. Akaniambia nichuchumae. Nikachuchumaa. "Sasa vuta pumzi. Bata hapumui huko juu ilipo pua yako." Kweli, chini pale palikuwa na harufu nyingine, si kali lakini yanusika. Harufu ile ikiwa ya kuchoma macho, ni hewa ya amonia itokayo mavini, nayo hupofusha macho ya ndege na kuharibu kifua chao. Ndipo makapi yote hutolewa yakapelekwa bustanini, na mchicha wake nimeuona, sisemi zaidi.

Nalitaja maganda ya karanga, kwa kuwa nyumba nyingi za huko huwa na gunia lake. Alikataa kwa kichwa. Maganda yakilowa hufanya ukungu upesi, na bata akivuta vumbi la ukungu huugua mapafu. Hapo mimi nami nikapata la kusema, maana nalikuwa nimesoma: mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na vifaranga wa mabata pia, hata ikagunduliwa kwamba walilishwa mashudu ya karanga yenye sumu ya ukungu. Sumu hiyo sasa yaitwa aflatoksini, na katika ndege wa kufugwa kifaranga cha bata ni miongoni mwa wanaodhurika upesi kabisa. Basi mahindi au karanga zilizooza, ambazo mtu huzitupia ndege akidhani amehifadhi mali, afadhali azifukie. Mama alisikiliza, akaenda kulitazama gunia la mahindi jikoni bila kunijibu.

Maji yao yalikuwa nje ya chumba cha kulala, chini ya kipaa kidogo. Alichimba shimo lenye kina cha goti, akalijaza kokoto, akatandaza juu yake fito zilizofungwa kama kitanda, na debe la maji likakaa juu ya fito. Mabata husimama juu ya fito wakanywa, na maji wanayomwaga hupita yakazama kokotoni. Debe limekatwa ubavuni, limewekewa vijiti, kichwa chapita lakini mwili haupiti. Na lazima kichwa chote kipite. Sufuria pana lenye maji ya kina cha kidole halifai kwa bata mzima, kwa kuwa asipopata kuzamisha kichwa, pua zake huziba kwa pumba na macho yake hushikana.

Jua likichwa, huondoa maji na chakula pamoja. Chakula peke yake hakiachwi, maana bata akila pasipo maji hukabwa. Lakini bata mzima akikosa vyote viwili usiku hapati dhara. Asubuhi na mapema vyote hurudishwa, naye hana ruhusa ya kuchelewa. Kelele zao humwamsha hata kabla ya jogoo.

"Na kuoga?" nikauliza. "Ndege wa maji huyu."

"Huoga. Mchana, jua likitoka."

Akanionyesha. Saa 7 jua lilipotokeza kati ya mawingu, aliwaletea karai kubwa uani, wakaoga kwa zamu na kwa ugomvi, kisha wakasimama juani wakijichana manyoya kwa midomo. Mtazame bata wakati ule: hugeuza shingo mpaka penye mzizi wa mkia, hapo pana tezi ya mafuta, huipapasa kwa mdomo kisha hupaka mwili mzima. Manyoya yakiwa safi na yenye mafuta hushikana kama vigae, maji yakateleza. Yakiwa na matope na mavi hayashikani tena, maji hupenya mpaka ngozini, na ndege wa maji afa kwa baridi ya maji. Bata yule mwenye uso mwekundu mafuta yake ni haba kuliko ya wenzake, kwa hiyo hulowa upesi zaidi. Siku isiyo na jua hawaogi, maana hawatapata kukauka kabla ya kuingia ndani.

Bukini walinichosha. Wao hutaka majani, na wakifungiwa bila majani hung'oana manyoya kwa uchungu wa moyo. Mama aliwafungia majani mabichi mafungu mafungu, akayaning'iniza ukutani kimo cha shingo zao, yasikanyagwe. Dume alinichukia tangu siku ya kwanza akanifukuza kwa mabawa mpaka jikoni. Watoto wa jirani walifurahi.

Siku ya sita nalikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuitazama tembe ambamo Stanley na Livingstone walikaa. Walifika hapo pamoja tarehe 18 Februari 1872, nayo ilikuwa masika. Stanley akaondoka mwezi wa Machi kurudi pwani, na Livingstone akabaki kuwangojea wapagazi mpaka Agosti. Katika kungoja kule aliandika habari za ndege waliokuja kwenye mikomamanga ya uani. Nalisimama katika ua ule nikafikiri habari za watu waliozuiliwa na mvua na ukosefu wa wapagazi, maana Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo walipenda kuwa kwao wakati wa kulima. Unyanyembe ulikuwa mahali pa kungoja. Kuta zile nene zilinipendeza, lakini lazima niseme kweli, jicho langu lilikwenda zaidi kwenye sakafu, nikitafuta unyevu. Mtu akiisha kushikwa na shauri la mabata haponi upesi.

Usiku wa siku ile nalijifunza maana ya majivu. Mvua kubwa ilinyesha tangu jioni, ikaosha mstari wote uliozunguka kibanda. Yapata saa 8 za usiku nalisikia mabata wakipiga kelele ambayo si ya njaa. Mama alikuwa amekwisha toka na taa. "Siafu!" akaita. Walikuwa wakipanda msingi upande wa mferejini, utepe mweusi upana wa mkono, na ndege waliofungiwa hawana pa kukimbilia. Ndilo baya la kifungo: aliye huru hukimbia. Tukafungua mlango, tukawatoa mabata wote mvuani, wale wale tuliowakausha kwa siku nyingi. Mjukuu akaleta makaa na majivu ya moto kutoka jikoni kwa koleo, akamwaga safari baada ya safari mpaka utepe ukakatika. Mimi nalibeba bukini dume kifuani, naye usiku ule hakuniuma.

Bata mmoja alikuwa ameatamia, siku ya 33 katika 35. Hakutoka juu ya mayai. Tulimkuta hai, amejaa siafu manyoyani, tukamng'oa mmoja mmoja kwa vidole mpaka alfajiri. Mayai 12 yalipoa. Yakaanguliwa 4, na kati ya hao 3 wakafa.

Asubuhi hatukusema mengi. Mama alileta makapi makavu kapu 5, si moja, na mabata wote wakalala juu yake mchana kutwa. Yule aliyeatamia alipona.

Naliporudi pwani nalichukua nyundo nikaanza kuvunja saruji yangu, mke wangu akinitazama pasipo kusema neno. Mwezi wa Julai mama alipiga simu. Kijana alikuwa amefaulu, amekwisha safiri. Mabata 9 na bukini 3 walikuwa wameuzwa. Dume yule mkali na jike lake hakuwauza, wala hakutaja sababu. Kisha akaniuliza kama nimekwisha kuitoa sakafu yote. Nikamwambia nusu.

"Basi tia makapi katika nusu hiyo," akasema, "na hiyo nyingine usiioshe."